Mwanafunzi wa Uzamiaji Apunguziwe Mzigo

Msimu wa kaskazi, boti zinazotoka Nungwi na Matemwe kwenda Mnemba hazikosi mwanafunzi wa uzamiaji aliyejitundika bidhaa mwili mzima kama machinga wa Kariakoo. Ana tochi mbili, kisu mguuni, kamera kwenye kijiti, kibao cha kuandikia na kamba mbili tatu ambazo hata mwenyewe hajui ni za nini. Ni saa nne asubuhi, jua linawaka, na mwanga unafika hadi kwenye matumbawe. Tochi atamulikia nini?

Wenye maduka hawana la kulalamika. Walimu ndio wanaostahili kuulizwa, maana wengi wao huona na kunyamaza, mteja asije akaudhika. Mwanafunzi anayeshuka na vitu vingi anafundishwa vibaya, hata kama kila kifaa alichonacho ni kizima na cha bei mbaya.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una takriban lita 2,400 za hewa. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji atavuta lita 60 akiwa mita 20 chini, kwa sababu shinikizo la huko ni mara tatu. Kwa mwendo huo mtungi mzima ungekauka kwa dakika 40, na hapo hakuna akiba iliyotengwa. Mgeni wa bahari, mwenye moyo unaomwenda mbio, huumaliza mapema zaidi. Bado ana masikio ya kuzibua, geji ya kusoma na mwenzake wa kumwangalia. Kila kamba inayonasa inamwibia nafasi ya kutazama geji.

Hofu ya wengi ni kifaa kuharibika, ndiyo maana hubeba vya ziada. Takwimu zinasema jingine. Mwaka 2008 Petar Denoble na wenzake wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, walichambua vifo 947 vya wazamiaji wa burudani. Pale ambapo chanzo cha mkasa kilijulikana, asilimia 41 kilikuwa kupungukiwa na hewa. Matatizo ya vifaa yalikuwa asilimia 15.

Waliolielewa jambo hili mapema ni watu wa mapango ya maji ya Florida, ambako mtu akipata shida hawezi kuibuka tu, kwa kuwa juu yake ni mwamba. Sheck Exley alipochapisha kitabu chake cha kuchambua ajali za mapangoni mwaka 1979, makosa aliyoyataja yalikuwa ya mwenendo: kuingia bila kamba inayofika nje, kutobakiza hewa ya kurudia, kwenda kina kupita kiasi. Kisha ukaja mtindo uliopewa jina la kati la Bill Main, Hogarth. Mgongoni ni bamba moja na mkanda mmoja usiokatika. Kisichokuwa na kazi katika mbizi ya siku hiyo hubaki nchi kavu, na kilichobebwa kina mahali pake pa kudumu.

Tazama mpira wa kupumulia tu. Mzamiaji wa mtindo huo huvuta hewa kwa mpira mrefu wa mita mbili hivi, uliozungushwa shingoni. Regileta ya akiba hukaa chini ya kidevu, imefungwa kwa uzi wa mpira. Mwenzake akiishiwa hewa, humpa ile ya mdomoni, kwani mtu aliyebanwa na pumzi hunyakua hiyo hiyo anayoiona inafanya kazi. Yeye huinamisha kichwa na kuchukua ya akiba. Linganisha na regileta za akiba zinazoburuzwa mchangani, zimejaa chembe za matumbawe.

Kurahisisha si kubeba vichache kwa kila hali, na hapa baadhi ya mashabiki wa mtindo huo hukosea. Wazamiaji wa mapango Jarrod Jablonski na Casey McKinlay walipopita chini kwa chini karibu kilomita 11 hadi Wakulla Springs, huko huko Florida, mwaka 2007, walikuwa na mashine na mitungi tele. Lakini walikuwa wamevizoea kwa miaka mingi kabla.

Kwa mwanafunzi wa Zanzibar au Diani, kazi ianzie kwenye risasi za uzito za kiunoni. Walimu wenye haraka huongeza kilo ili mtu azame upesi. Hapo mwanafunzi hulazimika kujaza hewa kwenye jaketi ili aelee, na hewa hiyo hutanuka maradufu kutoka mita 10 hadi juu. Kipimo ni rahisi: mtungi ukikaribia kuisha, jaketi tupu, pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho.

Kijana wa pwani anayejifunza ili awe kiongozi wa wazamiaji asikope fedha za vifaa vyote. Anunue miwani kwanza. Aibandike usoni bila kufunga mkanda, avute pumzi kidogo kwa pua, isipodondoka, inamfaa. Vingine aazime.

Kamera nayo isubiri hadi mwanafunzi aweze kukaa mita 5 kwa dakika tatu bila kupanda, kushuka wala kushika kamba ya nanga. Mteja akinuna, mwalimu amvumilie mpaka siku hiyo.