Orijino ni ya Nani? Tamthilia za Chimbuko na Deni la Wachekeshaji

Jumamosi jioni, katika maghorofa ya Al Nahda, pale Dubai inapokomea na Sharjah inapoanzia, Kiswahili husikika kwenye simu kabla ya kusikika vinywani. Ni Mzee Ojwang' akizozana na Mama Kayai, au Joti aliyejigeuza bibi kizee, au marehemu Mzee Majuto akitaharuki kwa jambo lisilo na uzito. Wanaotazama ni walinzi waliotoka zamu, wauguzi, wahasibu, na madalali wa mizigo ya Mombasa na Dar es Salaam. Mkenya anamcheka Mtanzania anayemcheka Mganda, na kwa saa moja hakuna anayekumbuka kodi ya chumba wanachochangia watu sita. Katika kicheko hicho ndimo linamozaliwa wazo linalorudi kila msimu: kwa nini isiandikwe tamthilia ya jukwaani kuhusu jinsi vipindi hivi vilivyoanza? Ukodiwe ukumbi, apatikane kijana mwenye kipaji cha kuiga sauti, litafutwe koti kuukuu, watu wacheke na wakumbuke kwao.

Wazo lenyewe ni jema, ila namna linavyofikiriwa lina kasoro kubwa. Wanaolitetea huona chimbuko la kichekesho kuwa ni siku fulani ya furaha: vijana walikutana, wakatania, taifa likacheka. Tamthilia ya namna hiyo ingekuwa mkusanyiko wa vichekesho vya zamani vilivyopangwa upya na kuuzwa kwa tiketi, na wenye vichekesho hivyo wasipate hata shukrani.

Wenzetu wa nchi nyingine wameshaijaribu fani hii. Mwaka 2018, huko Los Angeles, ilichezwa tamthilia ya Gregg Oppenheimer kuhusu kuzaliwa kwa I Love Lucy, kipindi kilichoanzishwa na kuendeshwa na baba yake, Jess Oppenheimer. Kisa hicho kinabeba jukwaa kwa sababu kiini chake ni mvutano. Kituo cha CBS hakikumtaka Desi Arnaz, mzaliwa wa Kuba, awe mume wa Lucille Ball mbele ya kamera, ingawa alikuwa mumewe nyumbani. Kisha likaja suala la gharama. Mke na mume walitaka kipindi kirekodiwe kwa filamu huko Hollywood, wakakubali kupunguziwa malipo, na badala yake filamu zikawa mali ya kampuni yao, Desilu. Kipengele hicho cha mkataba wa 1951 ndicho kilichowatajirisha, maana vipindi viliporudiwa, vilirudiwa vikiwa mali yao. Toa mkataba huo katika simulizi, na kitakachobaki ni mwanamke anayekunja uso kwa namna ya kuchekesha.

Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume, na ndiyo maana chimbuko letu ni gumu zaidi kulisimulia. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Katika miaka hiyo yote ya kungoja, vichekesho havikulala. Viliishi jukwaani, katika maonyesho ya vikundi kama Muungano na baadaye TOT, kwenye kumbi za baa za Dar es Salaam, vikibanwa kati ya ngoma, sarakasi, maigizo na taarabu. Mchekeshaji alijua palepale kama amefaulu, kwa kuwa hadhira yenye kiu na bia mkononi haina adabu ya kinafiki. Amri Athumani, huyo King Majuto wa Tanga, alikuwa mtu wa jukwaa tangu utotoni. Televisheni ilipofika ilikuta shamba limeshalimwa, ikavuna. Kwa hiyo anayetaka kuandika tamthilia ya chimbuko la vichekesho vya televisheni ya Kiswahili anaandika, apende asipende, habari ya jukwaa lililonyang'anywa mazao yake. Ni ajabu kwamba watu wanaotaka kulirudisha jukwaani jambo hili hawataki kulisema.

Uchukuliwe mfano wa Ze Comedy. Kundi la Masanja Mkandamizaji, Joti, Mpoki, Wakuvanga, Vengu na Mac Regan lilipata umaarufu kupitia EATV. Lilipohamia TBC1, jina halikuhama nalo. Kundi likajiita Orijino Komedi. Jina hilo watu walilipokea kama utani mwingine, na hakika linachekesha. Lakini ndani yake mna dai la kisheria na la kifalsafa ambalo wahakiki wetu hawajalipa uzito: kwamba asili ya kichekesho iko katika miili na akili za wanaokicheza, haiko katika nembo inayowaka pembeni mwa skrini. Kituo nacho kina hoja yake: kililipia kamera, kilitoa saa ya hewani, kilibeba hatari ya kuanza na watu wasiojulikana. Hapo pana tamthilia kamili, yenye pande mbili zinazoweza kutetewa, na msamiati wake umo tayari katika neno moja, orijino. Badala yake, wapangaji wa maonyesho ya ughaibuni huota kumwona mtu akiiga kicheko cha Masanja.

Sasa kuhusu huko kuiga. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang' wa Vitimbi, hakuwa Mjaluo. Lafudhi ile iliyowafanya watazamaji wengi waamini kwamba ametoka ufukweni mwa Ziwa Viktoria aliijenga kwa sikio na kwa mazoezi, akaishi ndani yake kwa miongo kadhaa katika televisheni ya taifa. Anayeiga sauti ile kwa hiyo anatumia kazi ya mtu, kama anayetumia shairi la mtu. Watunga sheria huenda wasimfikie. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, na ile ya Kenya ya 2001, zinamtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake uliorekodiwa, lakini ni vigumu kumshtaki mtu kwa lafudhi. Basi na isemwe wazi: deni hili ni pana kuliko sheria, na kutokushtakiwa si sawa na kutokudaiwa.

Wanjau alifariki Julai 2015. Kabla ya hapo Wakenya walikuwa wamechangishana fedha ili atibiwe macho, na magazeti yaliiandika habari hiyo kwa huruma nyingi. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli, ila ilificha hesabu. Mtu aliyewachekesha watu sebuleni kwa muda mrefu namna ile hakupaswa kutegemea harambee.

Miaka mitatu baadaye kisa kilijirudia Tanzania. Majuto alipougua, ilidhihirika kwamba kazi nyingi zilizobeba sura yake hazikumwachia chochote cha maana. Waziri wa habari na sanaa wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto akafariki tarehe 8 Agosti 2018. Kamati ya wanasheria iliyoketi kusoma mikataba ya mtu anayechekesha kwa kunyanyua tu nyusi: mwandishi wa tamthilia angeomba nini zaidi?

Wapo watakaojibu kwamba Al Nahda si mahakama. Watu wamechoka, wanafanya kazi siku sita, wanataka kucheka. Kuwaletea mikataba jukwaani ni kuwaharibia usiku wao. Hoja hii inawadharau watazamaji inaodai kuwatetea. Hakuna hadhira duniani inayoujua mkataba kuliko wakazi wa mtaa huu. Hapa kuna watu waliotia saini karatasi moja Nairobi au Kampala kwa wakala, wakafika na kukuta mshahara na kazi nyingine. Watu wanaojua tofauti kati ya kinachoandikwa na kinachosemwa. Onyesho ambalo msanii anasukumiwa karatasi akaambiwa "weka sahihi hapa, mengine tutazungumza" lingewachekesha hadi wajishike mbavu, kwa kicheko cha mtu anayejiona mwenyewe.

Jibu la pili ni la fedha: sisi ni kikundi cha kujitolea, hatuna cha kumlipa mtu. Lakini onyesho la hadharani Dubai linahitaji kibali, na kibali kina ada. Ukumbi unalipiwa. Mpiga picha analipwa, pilau inalipiwa, bango linachapishwa kwa fedha. Katika bajeti hiyo yote nafasi inayoachwa wazi ni moja tu, ya mwenye kichekesho. Hapo hoja ya umaskini inafia, kwa kuwa mtu asiyekuwa na fedha huwa hana za pilau pia.

Redykyulass inastahili kutajwa pembeni, kwa kuwa inaonyesha chimbuko la aina nyingine. Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna walitoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakamwiga Rais Moi angali madarakani. Tamthilia ya mwanzo wao ingehusu hofu zaidi kuliko malipo: nani alicheka kwanza ukumbini, na nani aligeuka kutazama mlango. Hata hiyo haitaandikwika kwa kuiga sauti ya Moi pekee. Itabidi mwandishi awaulize waliokuwepo.

Na hilo la kuuliza ndilo ambalo wapangaji wa Al Nahda wanaweza kulifanya kesho, bila kungoja ukumbi. Wengi wa waliocheza vipindi hivi wangali hai, wana simu, na kumbukumbu zao ndizo nyaraka pekee zilizobaki za mazoezi ambayo hakuna aliyeyarekodi. Wapigiwe kabla bango halijachapishwa. Waulizwe walikaa wapi siku ya kwanza, nani alileta wazo, nani aliandika, nani alilipwa, kiasi gani, na karatasi ile iko wapi. Kisha waulizwe bei ya simulizi yenyewe, na bei hiyo iandikwe katika mstari wa kwanza wa bajeti, juu ya pilau.