Ubunge si Shamba la Urithi

Yafaa sisi watu wa Mwanza tukumbushane habari za marehemu Paul Bomani, maana wako wanaodhani kwamba kiti cha ubunge ni shamba la urithi.

Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925. Hakuanzia bungeni, alianzia kwenye mizani. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakipunjwa. Mtu alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo wake hadi kwa mnunuzi, na huko mizani ikasema uongo. Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe, kisha wakajenga vyama vya ushirika, na Bomani alikuwa mmoja wa waliowaunganisha. Mwaka 1955 vyama hivyo vikawa muungano mmoja, VFCU, yeye akiwa meneja. Siku zile serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha matawi ya TANU Usukumani, hata ikafika 1958. Ushirika ndio uliokuwa shule ya umoja.

Aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1954, akawa Waziri wa Kilimo mwaka 1960, na Waziri wa Fedha mwaka 1962. Kisha ukaja uchaguzi wa 1965. Chama kilikuwa kimoja, lakini majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Watu wa Mwanza wakampima Waziri wa Fedha, wakamwangusha.

Wako watakaouliza: kura zile zilifaa nini, ikiwa Bomani alirudi bungeni bila jimbo, akabaki waziri, na toka 1972 hadi 1983 akawa balozi wetu Marekani? Ni kweli. Lakini uwaziri ni wa kupewa na Rais. Jimbo ni la kupewa na mkulima. Wapiga kura hawakuifuta kazi yake ya ushirika. Walikataa tu kwamba sifa ya jana itoshe kwa kesho.

Basi sisi tunaozunguka vijijini kwa kazi ya chama, toka Magu hadi Sengerema, tusimwambie mwananchi kwamba fulani hagusiki. Mheshimiwa arudi jimboni, aeleze alichofanya, apimwe. Wazee wetu walioikataa mizani ya uongo ya pamba hawakutuachia mizani ya uongo ya kura.