Nyonga bandia ya kauri: ujue umewekewa nini

Upasuaji wa kubadilisha nyonga unafanyika hapa nchini, MOI pale Muhimbili na KCMC Moshi. Kwa sisi wa Malindi, safari hiyo huanza kwa kuteremka hadi Mombo. Mgonjwa akirudi anatembea, nyumbani huona kazi imekwisha. Bado swali moja: kile kichwa cha nyonga ni cha chuma au cha kauri?

Kauri ni ngumu na hailiki haraka, lakini haipindi. Ikizidiwa hupasuka. Mwaka 1998 kiwanda cha Saint-Gobain Desmarquest cha Ufaransa kilibadili tanuru ya kuchomea vichwa vya nyonga. Baadhi ya vichwa vilivyotoka humo vikavunjika ndani ya miili ya watu, na Agosti 2001 vikaondolewa sokoni. Mfinyanzi yeyote anaelewa: kosa la moto huonekana chungu kikishatumika.

Kauri za leo ni bora zaidi na kuvunjika ni nadra sana. Tunalolizungumzia ni kinachofuata zikivunjika. Mwaka 2012 mgonjwa wa miaka 55 alifika hospitali ya Chuo Kikuu cha Marburg, Ujerumani, moyo umedhoofu, karibu haoni wala hasikii. Nyonga yake ya kauri ilivunjika, na mwaka 2010 akawekewa yenye kichwa cha chuma. Chembe za kauri zilizobaki zikakisaga kile chuma kama msasa, na madini ya kobalti yakaingia kwenye damu. (Daktari alikisia chanzo kwa kukumbuka tamthilia ya televisheni!) Alipowekewa kauri tena, kobalti ilishuka na moyo ukapata nafuu.

Kwa hiyo daktari wa pili lazima ajue daktari wa kwanza aliweka nini. Nyonga bandia huja na vibandiko vyenye jina la kiwanda, namba na aina. Kabla mzee hajaruhusiwa, omba vionekane, vipige picha kwa simu, kisha mtumie na ndugu mwingine, maana simu nazo hupotea.

Akisikia maumivu ya ghafla au mlio wa kusagika nyongani, asiukanyage mguu huo. Apelekwe hospitali akapigwe eksirei, na picha ile iende naye.

Aliyepoteza karatasi anaweza kuomba taarifa zake hospitali iliyompasua. Aende na namba ya faili, au walau jina kamili na mwaka.