Moto uliunguza, uzembe ukafunga

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma Julai 2024, mtu wa Dar es Salaam anaweza kupanda treni asubuhi, akashuka Morogoro au Kilosa, akawahi kuona tembo wa Mikumi na usiku akalala kwake. Wanakuja watoto wa shule, kwaya, wanachama wa vikoba, maharusi walio kwenye fungate. Wanaingia Uwanda wa Mkata, wanapiga picha na twiga kwa nyuma, wanakula, wanaondoka. Tunafurahi. Ila wakifika watu wa umri wa miaka hamsini na kuendelea, swali lao ni lile lile: ile loji iko wapi?

Wanaiulizia Mikumi Wildlife Lodge. Shirika la Utalii Tanzania, TTC, liliiendesha pamoja na Lobo, Seronera, Ngorongoro na Manyara. Hizo za kaskazini zilikuwa za wageni waliokuja kwa ndege. Hii ya Mikumi ilikuwa yetu. Mtumishi wa umma mwenye Peugeot yake aliondoka Dar Ijumaa baada ya kazi, akashika barabara ya Zambia, na usiku alikuwa barazani na familia yake, wakitazama dimbwi la maji. Nyati walikuja kunywa. Tembo walikuja na watoto wao. Hukuhitaji gari la kuzungukia hifadhi wala mwongozaji wa kukuonyesha kitu. Ulikaa kitini na soda yako, wanyama wakakufuata. Watanzania wengi walimwona tembo kwa mara ya kwanza wakiwa pale, wakisubiri chakula.

Leo hapo hakuna cha kusubiri. Loji ilibinafsishwa, ikaungua, ikabaki magofu, miaka ikapita bila kujengwa upya. Anayetaka kulala Mikumi ana kambi binafsi, nyumba za wageni za mjini kando ya barabara kuu, na malazi ya hifadhi yenyewe. Mahali pa kulala pako. Kilichopotea ni pale mahali penyewe, na bei ambayo mwalimu aliimudu.

Wapo wanaosema basi, ni moto, moto ni bahati mbaya. Hatukubali. Chanzo cha moto si hoja yetu hapa. Moto unaweza kumfika yeyote, hata mwenye hoteli anayefagia kila asubuhi. Moto unaunguza jengo kwa usiku mmoja. Ili kivutio kifungwe kwa miaka na miaka, inabidi watu wengi, ofisi nyingi, wakae kimya kila mmoja kwa zamu yake.

Na ukimya ule ulianza zamani. Aliyewahi kulala katika hoteli za mashirika ya umma miaka ya 1980 anakumbuka dalili. Taa ya korido inaungua, haibadilishwi. Bwawa la kuogelea linakauka, majani yanaota kwenye nyufa. Bomba la maji ya moto linatoa hewa. Orodha ya vyakula ina aina ishirini, na mhudumu, kwa adabu kabisa, anakuambia kilichopo ni wali na maharage. Meneja si mwizi wala mvivu. Pampu ikiharibika anaandika barua Dar. Barua inajadiliwa. Fedha za kigeni za kununulia kipuri hakuna, hilo ni kweli, nchi nzima ilikuwa inahangaika. Lakini mapato ya vyumba yalikuwa yameshapanda makao makuu, na yaliyopanda hayakushuka. Mtu aliyesimama kwenye maji yaliyotuama hakuwa na mamlaka ya kununua hata mpira wa bomba.

Mwaka 1992 ikaundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, PSRC, na TTC nayo ikafika mwisho wake. Kubinafsisha hakukuwa kosa. Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa 1965, iliuzwa, ikafungwa kwa ukarabati, na mwaka 2006 ikafunguliwa tena ikiwa hoteli ya hadhi. Lakini katika jiji hilo hilo Embassy nayo iliuzwa, ikakaa miaka mingi imefungwa katikati ya mji, watu wakipita mlangoni kwenda kazini. Sera moja, matokeo mawili. Tofauti ni nani alirudi kukagua baada ya hundi kupita benki. Alipokuja Waziri Hamisi Kigwangalla katika Wizara ya Maliasili na Utalii, Oktoba 2017, na kuanza kuwabana wamiliki wa hoteli zilizouzwa na kutelekezwa, watu walimpigia makofi. Sisi tulijiuliza hao waliokuwa na mafaili kabla yake walikuwa wanayafanyia nini.

Ukiingia hifadhini kwa barabara ya Iringa utakuta bango lenye wanyama na faini zao kwa dola: gonga twiga, lipa kiasi hiki, gonga simba, lipa kile. Ni utaratibu mzuri, na madereva wa malori wanaujua vizuri kuliko sala. Kwa aliyeua hoteli ya umma kwa kuiacha, hakuna bango.

Habari hii ya kuacha kitu bila matengenezo, Kilosa wanaijua vizuri zaidi ya Mikumi. Mji wao ulikingwa na tuta la Mto Mkondoa lililojengwa enzi za ukoloni. Tuta halina uzuri wowote. Ni udongo tu, na kazi yake haionekani mpaka siku inaposhindwa. Watu wakalima juu yake, mifugo ikalikanyaga, miti ikakatwa, na waliopaswa kulitunza wakaona lipo. Desemba 2009 kuelekea Januari 2010 mto ukapita. Maelfu wakalala kwenye mahema, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikabebwa na maji. Reli hiyo ilikuwa imekabidhiwa Oktoba 2007 kwa kampuni ya RITES ya India, hisa 51 kwa mia, mkataba wa miaka 25. Haikufika minne: mwaka 2011 Serikali iliirudisha mikononi mwake ikiwa hoi. Mvua ndiyo ilitajwa kwenye taarifa. Mvua haisaini mikataba.

Tunayasema haya sasa kwa sababu wageni wamerudi na fedha zimekuwa zikija. Mikumi ilikuwa moja ya hifadhi nne za mradi wa REGROW, uliopitishwa 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 ili kuinua utalii wa kusini. Aprili 2024 Benki ilisimamisha malipo, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa, baada ya malalamiko ya wanavijiji wa Ruaha kuhusu kuhamishwa kwao na vitendo vya askari wa hifadhi. Kilichojengwa kimejengwa. Je, nani atapaka rangi mara ya pili? Nani atabadilisha pampu mwaka wa saba, wakati mradi hauna tena ofisi, gari wala mshauri?

Hapo ndipo pa kutazama. Mwaka 2020 kazi ya kukusanya mapato ya hifadhi ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, fedha zikaelekea Hazina. Kuna hoja za kuitetea hatua hiyo, na udhibiti wa mapato ni mojawapo. Lakini meneja anayeandika barua Dodoma kuomba kipuri ni ndugu yake yule aliyeandika Dar mwaka 1985. Mikumi inahitaji fungu la matengenezo linalobaki Mikumi, dogo lakini la hakika, linalotumika bila kusubiri kikao, na hesabu zake zibandikwe ukutani ambapo mgeni na mwanakijiji wanaweza kuzisoma. Na kila mkataba wa malazi ndani ya hifadhi uwe na tarehe ya ukaguzi, jina la cheo cha mkaguzi, na kifungu kinachosema eneo linarudi kwa umma likikaa bila huduma kwa muda uliotajwa. Muda wenyewe uhesabiwe kwa miezi.

Kuhusu loji ya zamani, hatudai ijengwe kama ilivyokuwa. Pengine pale pafaa mahema ya bei nafuu, jiko, vyoo safi na baraza pana la kukaa watoto wa shule wa Kimamba na Rudewa, ambao wanaishi wilaya moja na tembo na hawajawahi kumwona isipokuwa kwenye noti.

Bajeti ya Wizara ya Maliasili na Utalii husomwa bungeni kila mwaka kabla ya Julai. Mbunge wa Kilosa na mbunge wa Mikumi wana haki ya kusimama na kuuliza mambo matatu: eneo la Mikumi Wildlife Lodge liko mikononi mwa nani leo, mkataba wa mauzo ulimtaka mnunuzi afanye nini, na lini ofisa wa Serikali alifika pale kukagua kwa mara ya mwisho. Mikumi, jimbo lililowahi kumpeleka mwanamuziki Profesa Jay bungeni Dodoma, halina udhuru wa kukosa sauti. Waziri akijibu kwamba suala linafanyiwa kazi, aulizwe na nani.