Usitoke posti ya usiku na kushika usukani wa safari



Katika kambi zetu watu wengi wamependa siku hizi kutembea na motokari. Siku ya posho, jamaa moja au mbili wanachanga pesa ya esansi, wanafunga hema, masufuria na mbabula juu ya gari, wanakwenda kulala usiku mmoja nje. Watu wa Likasi wanakwenda kando ya ziwa Tshangalele, lile lililotokana na baraji ya Mwadingusha juu ya mto Lufira. Wa Kolwezi wanakwenda Nzilo. Wa Lubumbashi wenye gari la nguvu wanajaribu njia ya Kundelungu, wapate kuona Lofoi, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 300.

Sisi wa dispansere tunasifu jambo hilo. Mtu aliyekaa juma zima ndani ya vumbi na kelele za mashine anahitaji hewa ingine, na watoto wanahitaji kujua kwamba nchi yao ni kubwa kuliko kambi. Wengine wanasema haya ni mambo ya wazungu. Nakataa. Babu zetu walipita nchi hiyo hiyo kwa miguu na kulala njiani.

Neno langu ni juu ya saa ya kuondoka.

Baba anamaliza posti ya usiku saa kumi na mbili asubuhi. Anafika nyumbani, anakuta gari limekwisha kupakiwa, watoto wamevaa, bibi yake amefunga chakula. Hataki kuwavunja moyo. Anaoga, anakunywa chai, anashika usukani. Tufanye hesabu pamoja: jana aliamka saa saba mchana, sasa ni saa moja asubuhi. Ni saa 18 bila usingizi. Basi ujue kwamba mtu aliyekaa saa 17 tu bila kulala, macho na mikono yake vinafanya kazi kama vya mtu mwenye nusu gramu ya alkoli katika litri moja ya damu. Kazini, shefu gani angemwachia mlevi kamyo ya kubeba mawe? Lakini njiani tunamwachia watoto sita!

Usingizi wa namna hiyo haubishi hodi. Macho yanafunga sekunde nne, na mwenyewe hajui. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa limekwisha kupita karibu mita 90 bila shofere. Na njia yetu ya Lubumbashi mpaka Kolwezi munaijua, na makamyo yake ya shaba na ya asidi. Mwaka 2019 kamyo la asidi liligongana na basi kwenye njia hiyo, watu wengi wakafa. Shofere mwenye macho mazima tayari ana kazi ya kutosha pale.

Muziki, dirisha wazi, kahawa: vyote hivyo vinadanganya mwili kwa muda kidogo. Dawa ya usingizi ni kulala.

Utaniambia: «Tukingoja alale, tunapoteza nusu siku.» Ndiyo, mtaipoteza. Ondokeni saa nane mchana, mwende mahali pa karibu, mufike kabla ya giza. Lofoi mutaiona wakati wa konje. Ama usukani ushikwe na ndugu aliyelala usiku mzima na mwenye permi. Wewe mama, funguo za gari zikae kwako mpaka baba aamke. Hapo haumkosei heshima.

Kuna hatari ingine inayofuata uchovu huo huo. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi sana, na watu waliochoka wanaingiza mbabula ndani ya hema, ama ndani ya gari, na kufunga kila kitu. Makala yanayowaka mahali palipofungwa yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Inashika nafasi ya hewa safi katika damu, na aliyelala haamki. Hata makala mekundu yasiyotoa moshi yanaua vilevile. Wenzetu wa chini ya ardhi wanaogopa hewa mbaya kila siku. Kwa nini tuitengeneze wenyewe porini? Mbabula ilale nje, nanyi mulale na mablanketi.

Mengine munayajua: watoto wasikae nyuma ya gari juu ya mizigo, maji ya kunywa yachemshwe, chandarua kisisahauliwe. Pembeni ya ziwa, penye majani na konokono, musioge: pale ndipo bilharzia inapoingia katika ngozi. Mkojo wa mtoto ukionyesha damu, ama homa ikimshika mtu hata juma mbili nyuma ya safari, mumlete dispansere upesi na kutuambia mlilala wapi.