Nairobi Inaanzia Wapi?
Ukitoka Mombasa kwa basi la usiku, alfajiri inakukuta Mlolongo, mji uliopewa jina na foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja mizani. Abiria anafuta ukungu kwenye kioo, anamuuliza jirani, "Tushafika?" Jirani naye hana hakika, maana tangu Athi River ni maghorofa, maghala na mabati mfululizo. Lakini endelea kidogo, utazame kushoto: nyasi, migunga, na ukibahatika, twiga kasimama wima. Hiyo ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117, iliyofunguliwa mwaka 1946, na kwangu huo ndio mpaka wa kweli wa jiji, ingawa daraja la reli limekwisha kuupita juu. Uzio uko upande wa jiji. Kusini, kwenye Mto Mbagathi, pameachwa wazi ili nyumbu na pundamilia wapite kwenda nyanda za Kitengela. Na huko ndiko ploti za futi hamsini kwa mia zinakouzwa kila kukicha, kila moja na seng'enge yake. Kama jiji linahitaji lango la kuonyesha linapoanzia, tulijenge, ila lisiwe tao la zege lenye maneno ya kukaribisha wageni. Lango liwe ardhi isiyouzwa, pande zote mbili za barabara, yenye miti ya kienyeji, ilindwe kama mwanamazingira Wangari Maathai alivyoulinda Msitu wa Karura mwaka 1999 hadi akapigwa. Kaunti za Nairobi, Machakos na Kajiado zikae meza moja sasa, kabla seng'enge za Kitengela hazijakutana.