Mashine Imefaulu Mtihani wa Maneno. Wewe Je?



Jumapili baada ya ibada, vijana wetu hapa Garissa walinikalisha chini wakanipa mtihani. Walinisomea jumbe mbili za rambirambi. Wakasema, "Pastor, mmoja umeandikwa na mtu, mwingine na akili mnemba. Tuambie wa mtu ni upi."

Wa kwanza ulikuwa mtamu, umepangika vizuri, umejaa faraja. Wa pili ulikuwa hivi: "Dada nimesikia. Nakuja kesho asubuhi na sufuria. Usipike."

Nakiri mbele yenu, nilikosea. Nilisema wa kwanza ni wa mtu. Nilidhani wamenitega, kwamba mashine imeagizwa iandike kama mama wa kawaida. Dada mmoja mjane aliyekaa nyuma akacheka, akasema, "Pastor, huo wa pili nilitumiwa mimi nilipofiwa. Na sufuria ilikuja."

Tangu siku hiyo sijaacha kuufikiria mtihani huo.

Ndugu yangu, mtihani huu ni mzee kuliko wengi wetu. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja mtaalamu wa hesabu, Alan Turing, aliuliza kama mashine inaweza kufikiri. Aliona swali hilo ni gumu kulipima, akaweka mchezo mahali pake: mtu akae chumbani, aulize maswali kwa maandishi, kisha aseme anayemjibu ni mtu au mashine. Mashine ikimdanganya vya kutosha, imefaulu. Na mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliujaribu mchezo huo. Mashine moja, baada ya kuagizwa ijifanye mtu wa aina fulani, ilidhaniwa kuwa mtu mara 73 katika kila 100. Iliwashinda hata watu halisi waliokuwa wakishindana nayo!

Kwa hiyo usishangae pastor wako alipodanganyika. Lakini angalia vizuri kilichopimwa pale. Yalipimwa maneno. Hakuna aliyeuliza, "Nani atakuja na sufuria?"

Sisi wa Kaskazini Mashariki tunaujua mtihani mwingine.

Tarehe 2 Aprili 2015 tulipoteza watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wauaji waliwatenga watu kwa dini yao. Desemba mwaka huohuo, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak. Abiria wakaamriwa wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Kina mama wa Kiislamu wakawapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Waliwaambia wale wenye bunduki kwamba kama ni kuua, waue wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, na Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi.

Mpendwa, huo ndio mtihani. Hakuna aliyepewa muda wa kutafuta maneno mazuri. Kila mmoja aliulizwa jambo moja tu: uko tayari kupoteza nini kwa ajili ya huyu aliyeketi kando yako? Mimi ni pastor wa Kipentekoste, na nasema wazi kwamba sisi Wakristo wa huku tunaishi na deni la watu wale.

Sasa iulize mashine swali hilo. Itakujibu vizuri sana, pengine kuliko mimi. Lakini haina damu ya kumwaga wala mtoto wa kumwacha yatima. Haina hata sufuria. Inaweza kuandika kuhusu dhabihu usiku kucha, na asubuhi isiwe imepungukiwa na chochote.

Usinielewe vibaya. Sihubiri kwamba simu yako ni shetani. Itumie ikusaidie barua ya kuomba kazi, hesabu za biashara, kazi ya shule ya mtoto. Nami naitumia. Ila ikumbuke tabia yake: hujibu kwa ujasiri hata pale isipojua. Mafuriko yalipokata barabara pale Kona Punda, ungemuuliza dereva wa bodaboda kama panapitika, angekwambia, "Sijui, ngoja niulize walio Madogo." Kukiri kwamba hujui nako ni akili.

Lakini hofu yangu kubwa hata si mashine kufanana na sisi. Hofu yangu ni sisi kufanana nayo. Mwenzetu anafiwa, watu arobaini wanaandika "pole sana" kwenye grupu, wengine wamenakili ya jirani. Wanaofika msibani ni watatu. Hao wengine thelathini na saba, ni nani angewatofautisha na mashine?

Kwa hiyo wiki hii nakupa kazi moja. Fungua simu yako, tafuta mtu uliyemwandikia "pole" au "tuko pamoja", halafu hukwenda. Usimwandikie tena. Nenda. Kama uko mbali, piga simu asikie sauti yako. Na kama kuna mtu unapaswa kumwomba msamaha, usiitume mashine ikutungie maneno. Nenda na maneno yako mabovu hivyo hivyo.

Maneno mazuri sasa yanapatikana bure kwa kila mtu. Kufika bado kuna gharama.

Ukisema Amina, iseme ukiwa umeshavaa viatu.